Sauti na Picha Zinapoachana: Sayansi ya Kuhariri Filamu za Nyumbani

Ukoo umekusanyika sebuleni kutazama filamu ya bibi, ambaye sasa ni marehemu, akisimulia asili ya ukoo na majina ya mababu. Picha ilipigwa kwa simu ya mkononi. Sauti ilinaswa kwa kinasa sauti kidogo kilichowekwa mbele yake, kwa kuwa simu ilikuwa mbali mno kuweza kuipata sauti ile dhaifu. Dakika za mwanzo mambo ni shwari. Ifikapo dakika ya 40, bibi hufumba mdomo kwanza, kisha neno husikika. Watoto wanacheka, wazee wananung'unika kwamba asemaye si yeye. Hata hivyo hakuna chombo kilichoharibika. Kilichotokea ni jambo la fizikia na hesabu, na kwa bahati njema linaweza kurekebishwa.

Jicho na sikio

Katika maumbile, sauti daima huchelewa nyuma ya mwanga. Umeme humulika kwanza, ngurumo ikafuata. Hewani sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, ilhali mwanga huwasili mara moja kwa kadiri ya hisi za binadamu. Kwa sababu hiyo ubongo umezoea kuvumilia sauti inayochelewa kidogo, lakini hauvumilii sauti inayotangulia tendo lake. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, lililotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya televisheni, laonyesha tofauti hiyo: mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikitangulia kwa sekunde 0.045, au ikichelewa kwa sekunde 0.125. Ikichelewa kupita sekunde 0.185, kasoro huhesabiwa kuwa haikubaliki.

Tena, macho hushiriki katika kusikia. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walieleza jaribio ambalo watu walisikilizishwa silabi "ba" huku wakitazama midomo inayotamka "ga". Wengi walisikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Basi sauti na picha zikiachana, hata maana ya maneno yaweza kupotea.

Somo la filamu za zamani

Tatizo hili lina umri sawa na filamu zenye sauti. Filamu ya Marekani *The Jazz Singer*, ya mwaka 1927, ilikuwa na sauti yake katika sahani za santuri zilizozungushwa pamoja na mashine ya picha. Sindano iliporuka mfuo mmoja, au mkanda ulipokatika na kuungwa upya, sauti na picha zilifarakana. Dawa iliyopatikana ni kuiweka sauti katika mkanda ule ule wa picha.

Dawa hiyo nayo ilileta utata wake. Mbele ya lenzi, mkanda huenda kwa kusimama na kuondoka, picha moja baada ya nyingine. Penye kichwa cha sauti sharti uteleze bila kusita, la sivyo sauti itatetemeka. Kwa hiyo vichwa viwili hivyo haviwezi kukaa mahali pamoja. Katika mkanda wa Super 8 wenye sauti, uliotolewa na Kodak mwaka 1973 kwa wapiga filamu wa nyumbani, sauti ilitangulia picha yake kwa nafasi ya picha 18. Mkanda ukienda kwa picha 18 kila sekunde, umbali huo ni sekunde 1 kamili. Mhariri aliyekata mkanda pale picha inapoanzia alipoteza sekunde ya kwanza ya maneno, maana ilibaki katika kipande alichokitupa. Ndiyo maana ilifaa msemaji anyamaze kidogo kabla ya kuanza.

Saa mbili hazikubaliani

Leo picha na sauti huhifadhiwa kwa tarakimu. Kinasa sauti hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde. Kipimo cha kawaida katika video ni mara 48,000. Mpigo huo huongozwa na fuwele ndogo ya kwatzi, sawa na ile iliyomo katika saa ya mkononi. Lakini fuwele mbili hazilingani kabisa, wala joto haliziathiri sawasawa. Kinasa sauti chenye fuwele yenye haraka kitahesabu sekunde nyingi kidogo kuliko kamera kwa tukio lile lile. Tofauti hiyo ndogo hujilimbikiza, kama saa mbili za ukutani zilizotegeshwa pamoja asubuhi zikaachana kufikia jioni.

Sababu ya pili ni simu yenyewe. Simu nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde mwanga unapofifia. Programu ya kuhariri ikidhani kwamba idadi hiyo haikubadilika, picha zitakwenda kwa mwendo usio wake. Hapo ni vema kwanza kuigeuza video iwe na idadi moja ya picha, mathalani 25 au 30 kwa sekunde, kabla ya kuikata.

Sababu ya tatu ni kuchanganya vipimo. Sauti iliyonaswa kwa vipimo 44,100 kila sekunde ikichezwa kama ya 48,000, saa 1 hupungua kuwa dakika 55 na sekunde 7.5, na sauti nzito hugeuka kuwa nyembamba.

Hesabu ya makofi mawili

Mhariri yampasa atofautishe kasoro mbili. Ikiwa sauti imechelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, inatosha kuisogeza. Ikiwa uachano unazidi kukua, kuisogeza hakufai: mwanzo ukilingana, mwisho utaharibika.

Njia ya kuzipima ni kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kazi, na jingine mwishoni. Picha ambayo viganja vimekutana hulinganishwa na kilele cha sauti. Tuseme kati ya makofi mawili kamera yahesabu sekunde 2,400, yaani dakika 40, na kinasa sauti sekunde 2,400.24. Mwishoni sauti itachelewa kwa sekunde 0.24, sawa na picha 6 katika video ya picha 25 kwa sekunde. Gawanya 2,400 kwa 2,400.24, jawabu ni takribani 0.9999. Urefu wa sauti yote ukizidishwa kwa namba hiyo, makofi yote mawili yatalingana, na hakuna sikio litakalotambua badiliko hilo.

Pasipo makofi, mhariri hutafuta herufi zinazofumba midomo, yaani *b*, *m* na *p*. Kwa kulinganisha neno moja la mwanzo na moja la mwisho, hesabu ile ile hufanyika.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi mmoja asimame mita 34 kutoka kwenye simu inayorekodi na kugonganisha vibao viwili. Sauti itahitaji sekunde 0.1 kufika. Katika video ya picha 30 kwa sekunde, darasa litaona kwamba sauti imechelewa kwa picha 3 hivi. Kisha wageuze hesabu, watafute mwendo wa sauti kwa kutumia simu hiyo hiyo.

Ama filamu ya bibi, haikupotea. Mwenye kuihariri hakuwa amefuta picha wala sauti ya asili. Alilinganisha neno "babu" la dakika ya kwanza na "mama" la dakika ya 40, akaifupisha sauti kwa sehemu 1 katika 10,000. Lau angalibaki na nakala iliyounganishwa peke yake, kazi ingalikuwa ngumu zaidi. Kumbukumbu ya asili na ihifadhiwe; kasoro ya hesabu huweza kusahihishwa siku yoyote, lakini msimulizi aliyekwenda zake hawezi kuombwa arudie.