Mvua Moja ya Dodoma

Tangu chama cha TANU kilipokata shauri mwaka 1973 kuyahamishia Dodoma Makao Makuu ya Serikali, na hasa tangu uhamisho huo ulipoharakishwa mwaka 2016, watu wengi wa Pwani na Visiwani wamekuwa wakipanda kwenda huko kwa shughuli za Bunge, za wizara na za biashara. Wengi hurudi na malalamiko yale yale: jua, upepo na vumbi. Wasemayo ni kweli, lakini si kweli yote. Leo twapenda kuizungumza hali ya hewa ya nyanda za kati, si kwa kuisifu wala kuilaumu, bali kwa sababu uhai wa mji mkuu wetu umefungamana nayo.

Mtu wa Unguja au Pemba amelelewa na mvua mbili. Masika humjia Machi hadi Mei, na vuli humjia kati ya Oktoba na Desemba. Ya kwanza ikimhini, huitarajia ya pili. Mkulima wa Ugogo hana tarajio hilo. Mvua yake ni moja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ikakoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kiasi cha milimita 570, ilhali Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Baada ya hapo mbingu hufunga hadi Novemba. Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kumfanya mgeni wa pwani atafute blanketi, kwani mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ifikapo Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30, na mito huwa mchanga mtupu.

Sababu zake hazina muujiza. Upepo utokao baharini wakati wa kusi hauna budi kuikwea milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho kabla ya kufika Dodoma. Huko huacha unyevu wake mwingi, na ushukapo upande wa pili huwa umekauka, haukubakiwa na kitu ila vumbi la kupeperusha.

Hata hivyo uchache wa mvua si mtihani mkubwa kama kutoaminika kwake. Yaweza kuanza vizuri Desemba, watu wakapanda, kisha Januari au Februari ikatoweka wiki mbili au tatu. Mahindi yaliyokuwa yakichanua hayasamehe kosa hilo. Mtama na uwele huvumilia, vikangoja. Kwa hiyo wazee wa Ugogo hawakuuchagua uwele kwa ujinga. Walioshindwa kuisoma nchi hiyo ni wataalamu wa serikali ya Uingereza, walioanzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa mwaka 1947. Trekta zao zilikutana na udongo unaokuwa mgumu kama saruji jua likiupiga, na karanga zao zikakutana na ukame. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, umekwisha kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

Tena ukame peke yake si lazima ulete maafa. Njaa kuu ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua maelfu kwa sababu majeshi ya Vita Kuu yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ilikuta ghala tupu. Huo ndio mzizi wa maneno yetu ya leo: katika nchi ya mvua moja, linalookoa watu ni akiba.

Na akiba kubwa ya Dodoma haionekani kwa macho. Imo chini ya ardhi, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, ambako visima virefu vimekuwa tegemeo la wakazi kwa miaka mingi. Wataalamu wamekipima kina cha maji ya hapo tangu miaka ya 1950, na vipimo vyao vimefunua jambo la ajabu. Mvua ya miaka ya kawaida huongeza maji kidogo sana kisimani. Sehemu kubwa ya akiba huletwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, na msimu wa El Nino wa 1997/98 uliipita mingine yote. Maji hayo huteremka kwa makorongo na kunywewa na mchanga wa mito ya msimu.

Kwa hiyo mvua tuionayo balaa ndiyo hiyo hiyo inayoujaza mtungi wa mji mkuu. Mafuriko yaliyoivunja reli ya kati baina ya Gulwe na Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikuwa hasara kubwa kwa taifa. Lakini maji ya namna hiyo, yakipata ardhi yenye miti na mito yenye mchanga wake, huwa rehema.

Hesabu ya watu ya 2012 ilikuta katika Dodoma mjini watu kiasi cha 410,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 760,000. Watu wanaongezeka kila mwaka, mvua ya kujaza visima haiji kila mwaka. Twaonelea basi kwamba viongozi wetu wana wajibu wa mambo matatu. Kwanza, bonde la Makutupora lilindwe dhidi ya ujenzi, ukataji wa miti na uchotaji wa mchanga. Pili, kila jengo la Serikali, lenye paa pana kama uwanja, liwe na tangi la kuvuna mvua, ili Serikali iwe mfano kabla ya kuwa mhubiri. Tatu, mbegu za mtama na uwele ziwafikie wakulima kabla ya Novemba kwisha, kwani mvua haingoji makabrasha.

Ndugu zetu wa Visiwani wasiseme kwamba hayo ni ya Bara. Wao pia wanakunywa maji ya chini ya ardhi. Na mto Kinyasungwe, unaopita nyanda hizo za Dodoma, huingia Mkondoa, kisha Wami, na Wami huingia baharini upande wa Saadani, ukiielekea Unguja. Maji yanayoteremka Dodoma bila kukingwa huishia katika bahari yetu, yamebeba udongo wa mashamba ya wenzetu. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Ile ya Dodoma hujazwa mara chache katika umri wa mtu. Mvua kubwa nyingine itakapokuja, na itukute tumetayarisha pa kuiweka.