Wapiga debe wa Mkata na tusi la mwaka 1824

Ukisafiri usiku kutoka Chalinze kwenda Segera utapita Mkata, pale barabara ya Handeni mjini inapochepuka. Basi likisimama, wachuuzi hukimbilia madirishani na maji na korosho. Pembeni wapo wapiga debe, bodaboda, na vijana wanaosubiri kibarua cha kushusha mzigo. Msako ukipita katika stendi za nchi hii, watu wa aina hiyo ndio wa kwanza kupakiwa kwenye karandinga. Kosa lao huitwa uzururaji, na mengi yanayosemwa juu yake hayako sawa.

Uzururaji ni kosa la kutembea ovyo tu.
Si kweli. Kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa Kiingereza kinamwita mtu “rogue and vagabond”. Vagabond ndiye mzururaji. Rogue ni ayari, laghai, mtu asiye na heshima. Katika mazungumzo yetu neno hilo la kwanza limepotea, na kijana husimama kizimbani akidhani anashtakiwa kwa miguu yake, wakati sheria inaihukumu tabia yake. Mwizi hushtakiwa kwa alichoiba. Huyu anaweza kushtakiwa kwa kuwa anashukiwa, haonekani ana njia ya kujikimu, na hawezi kujieleza vizuri mbele ya askari. Usiku, mbele ya tochi, nani hujieleza vizuri?

Ni sheria ya Mwalimu, ililetwa na Nguvu Kazi.
Si kweli, ingawa msako wa Nguvu Kazi wa mwaka 1983, enzi za Mwalimu Nyerere, ndio wazee wengi wanaoukumbuka. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930, na maneno haya wameyatoa kwao, katika Sheria ya Uzururaji ya 1824 iliyowapanga maskini kwa ngazi tatu: mvivu, kisha rogue, kisha rogue asiyerekebishika. Hata huko kwao neno halikuwalenga wezi peke yao. Mwaka 1572 waigizaji wasio na bwana mkubwa wa kuwadhamini waliwekwa kundi hilo hilo. Huku kwetu mkoloni alitaka mikono ya watu iwe mashambani, kama kwenye mkonge wa Korogwe walikofanya kazi manamba, si mjini. Mwaka 1944 aliongeza sheria ya kuwaondoa mijini aliowaona hawatakiwi.

Mahakama ya Afrika imeshalizungumzia.
Kweli. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU. Ilisema sheria za aina hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba kumwita mtu rogue au vagabond kunamvua utu. Kwa maoni yangu, hilo la utu ndilo zito kuliko yote.

Basi kosa hilo limefutwa kila mahali.
Si kweli. Maoni ya ushauri hayafuti kifungu. Kazi hiyo ni ya bunge na mahakama za kila nchi. Mahakama Kuu ya Malawi ilikibatilisha kifungu chao mwaka 2017, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafanya hivyo mwaka 2022.

Ukikamatwa, kiri upesi utoke.
Si kweli, na ushauri huu umewaumiza wengi. Ukikiri unatiwa hatiani, na anayerudi mara ya pili adhabu yake ni kubwa zaidi. Una haki ya kuambiwa kosa lako. Una haki ya kuomba dhamana ya polisi, na dhamana hailipiwi hata senti. Usipopewa, unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ukifika huko, uliza ni kitendo gani hasa unachodaiwa kukifanya.