Daraja la Zambezi na Mstari wa Katikati

Wageni wanaofika kwenye Maporomoko ya Victoria hulisifu tao la chuma linaloziunganisha Zambia na Zimbabwe, kiasi cha meta 128 juu ya maji ya mto Zambezi. Sifa hiyo ni ya haki. Vyuma vyake viliundwa Uingereza, vikapitishwa bandari ya Beira, na daraja likafunguliwa tarehe 12 Septemba, 1905. Cecil Rhodes, aliyetaka manyunyu ya maporomoko yayalowanishe mabehewa yanapopita, alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Lakini kwa askari mlinda mpaka, jambo kubwa hapo si kimo wala uzuri. Ni mstari wa mpaka unaolikata daraja hilo katikati.

Januari 1973, utawala wa walowezi wa Ian Smith uliufunga mpaka huo ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapigania uhuru. Majuma machache baadaye Smith alibadili nia. Zambia ikakataa kuufungua. Ikageukia njia ya Dar es Salaam, na baadaye reli ya TAZARA.

Tarehe 25 Agosti, 1975, behewa liliegeshwa juu ya daraja, mstari wa mpaka ukipita ndani yake. Ujumbe wa Smith uliketi upande wake. Ujumbe wa wazalendo, chini ya Askofu Abel Muzorewa, ukaketi upande wa Zambia. Mazungumzo hayo yalivunjika: Smith alikataa kuwahakikishia viongozi waliokuwa uhamishoni kwamba wakirudi nchini hawatakamatwa.

Oktoba 1978, ikiwa imebanwa na shida ya usafirishaji, Zambia iliifungua tena reli ya kusini. Mwaka mmoja baadaye makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, ndani kabisa kaskazini mwa Zambia. Kwa hesabu ya kijeshi, daraja hilo ambalo hakuna mtalii aliyesafiri kwenda kulitazama lilikuwa na uzito uleule wa lile la maporomoko. Lilipoanguka, reli ya kwenda Dar es Salaam ilikatika, na Zambia ikabaki kutegemea reli iliyoshikwa na adui. Novemba 1979 Salisbury ikayazuia mahindi yaliyokuwa yakipelekwa Zambia kwa reli hiyo. Waziri Mkuu wa serikali iliyoyazuia alikuwa Muzorewa yule yule aliyeketi ndani ya behewa.

Wakati huo wajumbe walikuwa London, Lancaster House. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, 1979, na Aprili iliyofuata Zimbabwe ikawa huru.