Kilenape Hakianzi na Orodha ya Maneno

Mwaka 2002 alifariki Edward Thompson wa Oklahoma, Marekani, mtu wa mwisho aliyejulikana kukua akizungumza Kiunami, tawi la kusini la lugha ya Walenape. Dada yake, Nora Thompson Dean, alikuwa ametangulia mwaka 1984. Miaka mingi ya uzee wake mama huyo aliitumia kufundisha na kuwaachia watafiti sauti yake.

Asili ya Walenape ni bonde la mto Delaware, New Jersey na eneo la New York, Manhattan ikiwemo. Mkataba baada ya mkataba walisukumwa magharibi, wakapita Ohio, Indiana na Kansas hadi Oklahoma. Wasemaji wa Kimunsee, tawi la kaskazini, wengi waliishia Ontario, Kanada. Lugha iliyotawanywa hivyo hukosa jirani wa kuitikia salamu.

Leo kabila la Delaware huko Oklahoma, yaani Walenape hao hao, lina kamusi ya mtandaoni yenye sauti za wazee wake. Ni hazina kubwa, lakini swali la mwanafunzi hubaki palepale: aanzie wapi? Wengi hushika majina ya wanyama, rangi na hesabu. Naona huko ni kuchelewa. Katika Kilenape uzito umo kwenye kitenzi, na kitenzi humkuta mtu ndani ya mazungumzo.

Chukua salamu hii: *Kulamàlsi hàch?* Maana yake ni "hujambo?" Anayejibu husema *Nulamàlsi*, yaani "sijambo". Msemaji wa Kiswahili ataona njia haraka. Mwanzo wa neno umebadilika kutoka *ku-* kwenda *nu-*, kwa kuwa anayetajwa sasa ni mimi, si wewe. Nacho *hàch* kinafanya kazi ya "je", ila kimekaa nyuma ya neno. Aliyezoea kusalimu na kujibu hivi kila asubuhi tayari ameonja sarufi ambayo orodha ya rangi isingemfikishia. Baadaye atakutana na vitenzi vingine vyenye *k-* na *n-*, na hatavishangaa.

Matamshi nayo yanadai sikio. Alama juu ya irabu si pambo: *a* na *à* ni sauti mbili tofauti, na *ë* ni irabu hafifu ambayo Kiswahili hakina. Ndiyo maana nasisitiza kusikiliza kwanza, kusoma baadaye.

Rekodi, hata iwe nzuri vipi, haimjibu mtu. Lazima awepo wa pili. Familia inayotaka kukirudisha Kilenape nyumbani na ichague wakati mmoja wa siku, tuseme chakula cha jioni, ambapo salamu, kuomba na kushukuru kwa *wanìshi* vitafanyika kwa Kilenape tu, mtoto akiruhusiwa kukosea bila kukatizwa. Sentensi tano zinazotumika mezani kila siku zimtangulie mwanafunzi kabla ya maneno mia ya daftarini.