Titanic haijamwoza binti wa mtu

Kila shule zikifungwa swali ni lile lile, na anayeuliza huwa ameshajijibu moyoni: "Mtaalamu, hizi filamu za kizungu za vijana si ndizo zinazotuharibia watoto?" Leo ni baba mwenye binti wa kidato cha pili, kesho ni mama aliyekuta flashi kwenye begi la mwanawe. Kazi yangu hapa Kolandoto, Shinyanga, ni ushauri wa vijana, na swali hili nimechoka kulijibu kwa upole. Nalijibu kwa maandishi, ili atakayekuja nalo tena nimkabidhi gazeti.

Jibu ni hapana. Sizungumzii picha za ngono. Hizo mtoto azuiwe, basi. Nazungumzia filamu za kijana anayekua: anagombana na wazazi, anapenda asipopendwa, anakosea, anatoka kwao na kujua yeye ni nani.

Tuchukue Titanic ya mwaka 1997, maana ndiyo inayotajwa kila mara. Wengi wetu tuliijua kwenye mabanda ya video, kwa sauti ya Lufufu aliyekuwa akiifasiri na kuitia viungo vyake. Wazazi wanakumbuka gari lililojaa mvuke kwenye vioo. Nusu nyingine ya hadithi wameisahau. Rose ana miaka 17. Baba yake amefariki na kuacha madeni, na mama anataka aolewe na tajiri ili nyumba isiaibike. Kuna pahala mama anamfunga binti nguo ya kubana kiuno, anavuta kamba hizo kwa nguvu zote, huku akimkumbusha kwamba fedha zimekwisha. Niliwahi kuwaonyesha wazazi kipande hicho. Mzee mmoja akauliza huyo tajiri alitoa ng'ombe wangapi.

Mzee aliielewa filamu kuliko wahubiri wote wanaoilaani. Mwaka 2010, takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa Shinyanga ndiyo iliyoongoza nchini kwa ndoa za utotoni: katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, 59 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Wengi wao walikulia vijiji visivyo na umeme. Nani aliwaonyesha sinema? Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vilivyoruhusu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Katika kesi hiyo hapakuwa na Hollywood hata kwenye orodha ya mashahidi.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Baadhi ya wanaonilalamikia filamu ndio hao hao waliompeleka binti kwa mganga akaogeshwa samba, dawa ya kusafisha nyota ili wanaume wenye mifugo wamwone. Dawa ile haina nguvu yoyote ya kuvuta mume. Nguvu ya samba ni tangazo: binti anaambiwa na watu wake mwenyewe kwamba sasa yuko sokoni, na mtaa unaambiwa hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili akifuatwa na wanaume njiani kutoka shule, mganga anasifiwa na televisheni inapigwa marufuku. Na kijana wa kiume anayeacha darasa la saba na kukimbilia maduara ya dhahabu ya Geita, mbona sijaona mzazi akiuliza alitazama filamu gani?

Hofu yenyewe ni ya zamani. Miaka ya 1950 wakubwa wa Dar es Salaam walihangaika na vijana waliovaa kama wachunga ng'ombe wa sinema za Marekani, na Léopoldville (Kinshasa ya leo) kulikuwa na vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. (Msukuma mwenye ng'ombe halisi angewacheka.) Vijana wale walikuwa babu zetu, na wengi wao walikuja kuwa wazee wenye kulalamikia sinema.

Je, filamu haina nguvu kabisa? Inayo, na ndiyo maana nataka tuipime badala ya kuiogopa. Mtafiti Emma Riley aliwagawa kwa kura wanafunzi wa sekondari Uganda waliokuwa wakisubiri mtihani wa taifa. Wengine walionyeshwa Queen of Katwe, filamu ya Disney ya 2016 juu ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa duni wa Kampala aliyekuja kuwa mchezaji wa chesi. Wengine walionyeshwa filamu nyingine ya vijana, ya miujiza tu. Waliomwona Phiona walifanya vizuri zaidi, hasa kwenye hisabati, na walionufaika zaidi walikuwa wasichana na wanafunzi dhaifu. Filamu ilimgusa mtazamaji kwa sababu alijiona ndani yake, na hakwenda kucheza chesi. Alikwenda kujibu maswali ya hisabati.

Filamu nyingi za vijana za Marekani zina uongo mmoja tu wa kuonya: zinaishia kwenye dansi la mwisho wa mwaka wa shule, na hazionyeshi nani alilipia gari, ada wala hospitali.

Basi, ya kufanya, haraka. Keti utazame naye, hata nusu saa, na umuulize nani aligharimika katika hadithi hii. Soma alama ya umri. Banda la video la usiku mkatalie, kwa sababu ya njia ya kurudi gizani na wanaomsubiri huko. Jua ni nani anampa lifti ya bodaboda na kwa malipo gani. Samba acha. Akipata mimba mpeleke kliniki mapema, na ujue kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Aliyempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa hiyo yale mazungumzo ya kumalizana kwa ng'ombe wawili nyumbani ni kuficha jinai. Namba ya msaada kwa mtoto ni 116, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kukuomba ruhusa.