Kamera Inayotikisika, Inatikisika Vipi?

Mpiga video wa harusi akilalamikiwa kwamba picha zake zinacheza, mara nyingi hukimbilia dukani kuulizia gimbali, kile kishikio chenye mota za kutuliza kamera. Namwelewa, lakini ameruka swali linalopaswa kutangulia: kamera yake inacheza kwa namna gani? Kamera iliyo mkononi inaweza kwenda upande wowote kwa njia sita. Tatu ni za kusogea: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Tatu nyingine ni za kuzunguka: kugeuka pembeni, kuinama na kuinuka, na kulalia ubavu. Madhara yake hayalingani hata kidogo.

Tupige hesabu. Una lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, na bibi harusi amesimama mita 5 kutoka ulipo. Picha yako inachukua upana wa mita 3.6. Mkono ukisogea pembeni sentimita 1, bibi harusi atahama kwenye picha kwa pikseli 5 hivi kati ya 1920. Sasa kifundo cha mkono kigeuke digrii 1 tu, kiasi ambacho wewe mwenyewe huwezi hata kukihisi. Atahama pikseli zaidi ya 45, kana kwamba ulisogea karibu sentimita 9. Weka lenzi ya milimita 200 ili upate machozi ya mama mzazi kwa karibu, na digrii ileile inakuwa zaidi ya pikseli 180. Kwa hiyo anayeharibu kazi ni mzunguko, na kila kifaa cha kushikia kamera nakipima kwanza kwa jinsi kinavyouzuia.

Mzunguko huzuiwa na uzito uliosambazwa. Aliyewahi kumwona mchota maji akitembea na mzega begani analijua jambo hili: madebe mawili yakining'inia mwisho wa mti, huwezi kugeuka ghafla, kwa sababu madebe yanakataa. Ukataaji huo hukua kwa mraba wa umbali, yaani uzito uleule ukiupeleka mara mbili mbali na katikati, ugumu wa kuugeuza unakuwa mara nne. Ndiyo maana simu, kwa wepesi na ufupi wake, hutetemeka kuliko kamera kubwa, na ndiyo maana fremu ya begani yenye betri nyuma na kamera mbele hutuliza picha hata kama haina mota wala umeme.

Mmarekani Garrett Brown alilitumia wazo hilohilo alipobuni Steadicam katika miaka ya 1970. Kamera inakaa juu ya nguzo, betri na kioo cha kutazamia vinakaa chini, nguzo inashikwa karibu na kitovu cha uzito, na mkono wenye springi uliofungwa kwenye fulana ya mpigaji unameza hatua zake. Filamu ya Rocky ya mwaka 1976, yenye mbio za ngazi za jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, iliwaonyesha watazamaji wengi matokeo yake.

Tazama kwamba Brown alihitaji vitu viwili: nguzo kwa ajili ya mizunguko, springi kwa ajili ya hatua. Gimbali ya kawaida ina mota tatu, nazo zinashughulikia mizunguko mitatu tu. Kule kupanda na kushuka kwa mwendo wa mtu kunabaki, na kunaonekana wazi pale kitu kikiwa karibu na lenzi. Magoti yako ndiyo springi yako: yakunje kidogo, tanguliza kisigino, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Pia isawazishe kamera kabla ya kuwasha, la sivyo mota zitapigana na uzito usiku kucha na betri itakwisha kabla keki haijakatwa.

Kwa ukumbi wa harusi, mimi ningeanza na stendi ya mguu mmoja. Haidai nafasi kati ya viti na mashangazi wanaocheza, sakafu inazuia kupanda na kushuka, na urefu wake unapunguza mitetemo midogo ya kifundo. Asiye na fedha kabisa atafute boliti ya robo inchi, kipimo cha tundu lililo chini ya kamera nyingi, afunge kamba, akanyage ncha ya chini na kuvuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Inasaidia kweli.

Stendi ya miguu mitatu ndiyo tulivu kuliko zote, ila kwa hotuba ndefu usiiweke juu ya jukwaa lenye spika, maana besi hupanda kupitia mbao. Fungua kwanza vipande vinene vya miguu. Nguzo ya katikati iache chini. Na ukienda kuinunua, nenda na kamera yako. Ifunge juu, vuta lenzi mpaka mwisho, geuza kichwa cha stendi polepole halafu uachie mpini. Picha ikirudi nyuma kidogo baada ya mkono kutoka, mwombe muuzaji akuonyeshe nyingine.