Trauti: Mgeni wa maziwa ya Mlima Kenya

WAKENYA wengi wakitajiwa uvuvi, fikira zao huenda moja kwa moja kwa nyavu za Ziwa Victoria, omena walioanikwa juani, au ngalawa zinazorudi alfajiri katika fukwe za Pwani. Ni wachache wanaojua kwamba juu kabisa ya msitu wa mianzi wa Mlima Kenya, mahali ambapo umande huganda usiku, kuna maziwa madogo yenye samaki wakubwa ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwavua, na mara nyingi huwarudisha majini.

Mojawapo ni Ziwa Alice, lililo katika mteremko wa kaskazini-mashariki wa mlima, takriban mita 3,500 kutoka usawa wa bahari, karibu na kilele kidogo cha Ithanguni. Jirani yake, chini kidogo, ni Ziwa Rutundu. Majina haya yalivuma duniani mwaka 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomposa Kate Middleton huko baada ya kwenda kuvua. Magazeti yalishughulika na pete. Samaki hakuulizwa habari zake.

Samaki huyo ni trauti wa upinde wa mvua, aitwaye hivyo kwa sababu ya mstari wa waridi unaopita ubavuni mwake katikati ya madoa meusi. Asili yake si Afrika. Kwao ni mito na maziwa ya magharibi mwa Amerika Kaskazini inayomwaga maji Bahari ya Pasifiki, pamoja na rasi ya Kamchatka nchini Urusi. Ndugu yake wa rangi ya kahawia ndiye aliyetangulia kufika hapa mwaka 1905, wakati mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alipoagiza mayai kutoka Scotland yakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Walowezi walitaka mchezo wa kwao, na maji baridi ya milima yetu yaliwafaa.

Namna ya kumvua ndiyo inayowashangaza wengi. Mvuvi wa Pwani hufunga chubwi kwenye mshipi wake ili uzito wa risasi uubebe hadi chini, na kwenye ndoana huweka chambo chenye harufu. Mvuvi wa trauti hana chubwi wala chambo. Ndoana yake imefungwa nyuzi, manyoya ya kuku na nywele za wanyama hadi ifanane na mdudu, na kwa sababu hiyo huitwa nzi. Nzi huyo ni mwepesi mno. Ukimrusha kwa mkono hafiki hata hatua tatu. Kwa hiyo uzito huwekwa ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umefunikwa plastiki. Mvuvi huurusha nyuma kwa ufito mrefu wa karibu mita tatu, husubiri unyooke hewani, kisha huusukuma mbele. Mshipi ndio unaosafiri. Nzi hufuata tu, akiwa amefungwa kwenye uzi mwembamba usioonekana majini. Anayejifunza huharibu kwa kutosubiri. Nguvu hazimsaidii, na kwa hakika nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakijifunga mshipi shingoni huku mtoto wa miaka kumi akirusha vizuri kando yao.

Ziwani kuna ugumu mwingine. Trauti wa mtoni hukaa mahali pamoja akiuelekea mkondo, akingoja chakula kiletwe. Ziwa halina mkondo, hivyo samaki mwenyewe huzunguka kukitafuta, hasa kandokando, pale ambapo kina kifupi huanza kushuka gizani. Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini: watoto wa kereng'ende na viluwiluwi vya wadudu wanaofanana na mbu lakini wasiouma. Ndiyo maana nzi wengi wa maziwani hawaelei. Huachwa wazame polepole, mvuvi akihesabu kimoyomoyo hadi kumi au ishirini, kisha huvutwa kwa mivuto mifupi kama mdudu anayepanda juu. Asiyeambulia kitu hubadilisha hesabu kabla ya kubadilisha nzi. Aidha, hukaa mbali na ukingo na huinama, kwa maana maji ya mlimani ni maangavu na kivuli cha mtu humfukuza samaki kabla nzi hajagusa maji.

Maji hayo baridi ndiyo uhai wa trauti. Joto likizidi nyuzi 20 hutaabika, na likikaribia 25 hufa. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji ya nyuzi 10 yaliyo usawa wa bahari hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa kila lita. Katika urefu wa Ziwa Alice, ambako hewa ni nyepesi, kiasi hicho hushuka hadi kama miligramu saba. Hiyo humtosha trauti, bila akiba kubwa. Akipiganishwa kwa muda mrefu mwishoni mwa mshipi huishiwa pumzi kama mpanda mlima aliyekimbia. Maji yakipata joto zaidi, akiba hiyo ndogo nayo hupungua.

Tena kuna suala la uzazi. Jike la trauti huchimba shimo kwa mkia katika changarawe na kutaga mayai mahali ambapo maji yanapita muda wote, yakiyaletea hewa. Katika maji ya nyuzi 10 mayai huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo haliwezi kumpa nafasi hiyo. Jike hubeba mayai tumboni bila kuyataga mpaka mwili uyafyonze. Samaki wa ziwa kama hilo waliwekwa na binadamu mmoja mmoja wakiwa vifaranga. Kwa kazi ya kuzalisha vifaranga hao kilianzishwa kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1948. Kwa kuwa trauti wachache huishi zaidi ya miaka minane, ziwa lisiloongezwa vifaranga huweza kubaki tupu ndani ya muongo mmoja.

Je, litakuwa limepoteza kitu? Hapa wavuvi na wanamazingira hawaelewani. Maziwa ya juu ya Mlima Kenya, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997, hayakuwa na samaki kabla ya binadamu kuwapeleka. Trauti ametajwa miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Katika milima ya Sierra Nevada huko California, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vyura waliokuwa wakitoweka waliongezeka haraka mara trauti walipoondolewa katika maziwa yao.

Kwa maoni yangu, mito ya Aberdare imekwisha kuwa makao ya trauti kwa zaidi ya karne na hakuna awezaye kumtoa. Ziwa ambalo halijapata kuwa na samaki ni jambo tofauti. Hilo liachwe kama lilivyo. Na pale ambapo trauti alikwisha wekwa lakini hazaliani, wanaoomba vifaranga zaidi wangetakiwa kwanza kueleza ni wadudu gani na vyura gani wanaoishi humo. Hesabu hiyo haihitaji mitambo mikubwa.

Kwa anayepanda sasa, leseni ya uvuvi ni ya lazima pamoja na ada ya hifadhi. Kijino kilicho karibu na ncha ya ndoana kibonyezwe kwa koleo ili itoke bila kuchana mdomo. Mikono ilowekwe kabla ya kumshika samaki, maana mikono mikavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Asipigwe picha nje ya maji kwa muda unaozidi pumzi moja ya mvuvi mwenyewe, na ashikwe wima majini mpaka aondoke kwa nguvu zake.